Safu ya Nyuma



Siku ya kufunga shule ni sikukuu kwa baadhi ya watoto, na kwa wengine ni siku ya kuhukumiwa. Wengi wenu mwaikumbuka. Wanafunzi hupangwa mstarini mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, wazazi huketi kivulini, na majina husomwa tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza hupigiwa makofi na kupewa daftari na kalamu. Wa mwisho naye hutajwa kwa jina na kwa namba, na kicheko kinachofuata hakihitaji kuandaliwa na mtu.

Nilipokuwa darasa la nne, katika shule ambayo sitaitaja, tuliketi kwa namba hizo. Walioshika nafasi za juu walikaa mbele karibu na ubao; walioshindwa walikaa safu ya nyuma, ambako maandishi ya ubaoni hayakuonekana vema. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto zaidi ya 80, akafanya kama alivyofanyiwa yeye alipokuwa mtoto. Rafiki yangu, ambaye nyumba yao ilipakana na yetu, alipelekwa nyuma mwanzoni mwa mwaka kwa sababu hakujua kusoma. Mwisho wa mwaka alikuwa bado huko, kwa sababu bado hakujua kusoma. Hakuna aliyemfundisha, maana darasa la nne hufundishwa mambo ya darasa la nne. Mwaka uliofuata aliacha shule, akaenda kuchunga. Mtoto huyo aliyeitwa mjinga aliweza kulitazama zizi jioni mara moja tu na kusema ni ng'ombe yupi hajarudi.

Namkumbuka kila ninaposikia walimu wakihimizwa kuwagawa wanafunzi katika makundi. Wako wazazi wanaolalamika kwamba huo ni ubaguzi, na wako wanaodai mtoto wao awekwe katika kundi la "wenye akili". Kwa maoni yangu wote wamekosea mahali pamoja: wadhani kundi ni makazi, na ya kuwa mtoto akishaingia humo ndimo atakamozeekea.

Mimi nami kwa miaka mingi niliamini kwamba kuwagawa watoto kwa kiwango ni dhuluma tu. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya kuanzia mwaka 2005 ulinilazimu kufikiri upya. Shule za msingi 121 ziliongezewa mwalimu, na darasa la kwanza likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa alama zao za awali, na katika nyingine kwa bahati nasibu. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, waliochapisha matokeo mwaka 2011, waliona kwamba watoto waliogawanywa kwa alama, wa juu na wa chini pia, walijifunza kuliko wenzao wa bahati nasibu. Yaelekea mwalimu aliweza kufundisha pale walipo watoto, badala ya kuwafuata wachache walio mbele.

Lakini tusiisome habari hiyo nusu. Watoto wa alama za chini hawakuachwa safu ya nyuma. Walipewa darasa kamili na mwalimu kamili, na mwalimu yupi afundishe upande upi pia liliamuliwa kwa bahati nasibu. Je, ni wapi kwetu ambapo mwalimu hodari hupewa watoto walio nyuma? Aghalabu hao huachiwa mgeni, au anayejitolea, au hawaachiwi mtu kabisa.

Kutoka India twaweza kujifunza hatua inayofuata. Shirika la Pratham, lililoanzia Mumbai katika miaka ya 1990, lilibuni utaratibu ambao hata shule maskini yauweza. Kila mtoto huitwa peke yake na kupewa karatasi asome: herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Pale anapokwama ndipo kundi lake. Kwa saa moja au mbili kila siku, watoto wa darasa la tatu, la nne na la tano hukutana kwa kiwango cha usomaji, bila kujali darasa wala umri. Saa hiyo ikiisha, kila mmoja hurudi darasani kwake. Baada ya majuma kadhaa hupimwa tena, na aliyevuka huhamishwa. Serikali ya Zambia ilianza kuujaribu utaratibu wa namna hiyo mwaka 2016. Na sisi tusidhani kwamba jambo hili halituhusu: tangu mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo waliopita nyumba kwa nyumba Tanzania walikuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

Mwalimu mwenye watoto 100 atauliza atayapata wapi makundi manne. Peke yake hatayapata. Yabidi walimu watatu au wanne wakubaliane saa moja katika ratiba, kila mmoja achukue kiwango kimoja, hata ikiwa ni chini ya mwembe. Kadi za herufi hukatwa kutoka maboksi ya dukani. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu mkuu aliye tayari kusema kwamba kundi la herufi litachukuliwa na mwalimu bora aliye naye.

Tena si kila somo lahitaji makundi ya kiwango. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na madarasa yakawa na chuki. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliwapanga watoto katika makundi madogo ya mchanganyiko, kila mmoja akapewa sehemu moja tu ya somo awafundishe wenzake. Yule aliyedharauliwa akawa ndiye mwenye kipande ambacho wengine hawakuwa nacho, ikawabidi wamsikilize. Kwa masomo kama sayansi au historia, naona njia hiyo yatufaa sana.

Wengi huuliza kuhusu hamasa: mtoto asiyependa shule atapendezwaje nayo bila fimbo? Nijuavyo mimi, mtoto hukata tamaa anapoona kwamba bidii yake haibadilishi kitu. Akisoma maneno juma hili, na mwezi ujao akasoma aya, atakuja mwenyewe. Mwalimu na amwambie lililo kweli, "leo umesoma mstari mzima bila kusimama". Hilo lina nguvu kuliko kumwambia kwamba ana akili.

Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania, likitoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Wengi walinung'unika, na ninasikitika kusema kwamba manung'uniko mengine yalitoka kwetu. Baadhi ya shule zetu za Kanisa hupenda mno mabango ya ufaulu langoni. Yako mabaya zaidi: mtoto asiyefikia wastani huombwa ahame kabla ya mtihani wa taifa, ili jina la shule lisichafuke. Ada yake imepokelewa miaka mitatu, kisha huambiwa kwamba hafai. Jambo hilo lisiitwe nidhamu ya taaluma, wala sisi mapadre tusilinyamazie kwa sababu shule ni ya jimbo.

Kwa wale mlio katika kamati za shule, ninaomba jambo dogo kwa siku ya kufunga ijayo. Majina yasisomwe. Kila mzazi apewe ripoti ya mwanawe ndani ya bahasha. Na mzazi akiuliza, "Mwanangu amekuwa wa ngapi?", mwalimu amfungulie daftari lake la maendeleo, amwonyeshe tarehe ambayo mtoto alitoka kundi la herufi na kuingia la maneno.