Mizani ya Kamatanda na diploma ya kompyuta

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, wazazi wa Likasi hurudi kwenye swali lile lile: mtoto akasome nini? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Gécamines ilitaka wahandisi, makarani, wauguzi na mafundi, na kijana aliyepata namba ya kazi Shituru au Panda familia yake ilihesabu kwamba amefika. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, kampuni ikadhoofika, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao mpaka leo hawaoni hiari ilikuwa wapi. Tangu hapo jibu la wazazi limebadilika. Mtoto akasome kompyuta.

Sisi hatuna ugomvi na jibu hilo. Ugomvi wetu ni jinsi masomo haya yanavyouzwa, na jinsi yanavyofundishwa. Vijana wengi wanaojiandikisha katika ile inayoitwa informatique de gestion, au katika ubunifu wa mifumo ya taarifa, wanaamini wanakwenda kujifunza mashine. Wanafika mwaka wa pili wakishangaa kwa nini wanasomeshwa hesabu za biashara, sheria na namna ofisi inavyofanya kazi. Hakuna aliyewaambia mapema kwamba mfumo wa taarifa si kompyuta. Ni njia ambayo habari hupita: nani anaandika, nani anasoma, nani anaamua, na nani anaweza kufuta bila mtu mwingine kujua. Kompyuta ni chombo tu ndani ya njia hiyo. Daftari nalo ni chombo.

Kwa mwanafunzi wa mji huu, mfano mzuri hauko mbali. Uko Kamatanda.

Tufuate gunia moja la madini kutoka shimoni. Wachimbaji wa mikono wamelitoa, limeoshwa, limepakiwa kwenye pikipiki au lori na kufikishwa depo. Pale linapimwa mara mbili. Kwanza uzito, juu ya mizani ya mnunuzi. Pili kiwango cha madini, kwa mashine ya mkononi ambayo wachimbaji wa Katanga nzima wanaiita Metorex. Namba mbili hizo ndizo zinazoamua kikundi kizima cha wachimbaji kitagawana faranga ngapi. Nazo zinasomwa na upande mmoja, zinaandikwa katika daftari la upande huo huo, na mchimbaji mara nyingi anaondoka na pesa bila karatasi. Malalamiko kwamba mizani imechezewa au kiwango kimeshushwa ni ya miaka mingi, katika Haut-Katanga na Lualaba pia. Baadhi huenda ni ya kweli, mengine huenda ni hasira ya bei kushuka. Lakini hakuna anayeweza kuthibitisha lolote, kwa sababu kumbukumbu ni moja na iko mkononi mwa mtu mmoja.

Baada ya hapo gunia linachanganywa na mengine, linauzwa kwa kiwanda, linageuka kuwa bidhaa ya kobalti au shaba, linapita Kasumbalesa kuelekea bandari ya Dar es Salaam au Durban, na sehemu kubwa ya kobalti huishia kusafishwa China. Katika kila hatua kuna karatasi. Swali ni kama karatasi ya hatua ya tano inaweza kukuonyesha ile ya hatua ya kwanza. Kwa madini ya wachimbaji wadogo, mara nyingi haiwezi.

Jambo hili sasa lina tarehe. Kwa kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1542, kuanzia tarehe 18 Februari 2027 kila betri ya gari la umeme inayouzwa katika soko lao lazima iwe na pasipoti ya kidijitali, ambayo mtu anaisoma kwa kupiga picha alama yake kwa simu. Ndani yake mtakuwamo pia maelezo kuhusu namna malighafi zilivyopatikana kwa uwajibikaji. Maana yake ni kwamba mtu fulani, mahali fulani, ataandika habari za madini ya Katanga kwenye mfumo. Akiwa kijana wa Likasi aliyesoma vizuri, anayejua tofauti ya madini yaliyooshwa na yasiyooshwa na anayeelewa mchimbaji anaposema jambo kwa Kiswahili chetu, habari hizo zitakuwa na uhakika fulani. Akiwa mtaalamu aliyeletwa kwa ndege kwa wiki mbili, atajaza fomu kama alivyoelekezwa, na wachimbaji ambao habari zao hazikuandikwa watahesabiwa kuwa hawapo. Mnunuzi wa mbali akiogopa, njia rahisi kwake ni kuacha kabisa kununua madini ya mikono. Hilo likitokea, watakaolala njaa wako hapa kwetu, si Brussels.

Kwa hiyo tunaposema masomo haya yana kazi, hatuzungumzii ndoto za Silicon Valley. Kazi ipo karibu na tena ni ya kuchosha. Migodi mikubwa inaendesha ghala, manunuzi na mishahara kwa programu kubwa kama SAP, na inahitaji watu wa kuzielewa. Sheria ya mwaka 2017 inataka kazi za ukandarasi mdogo zipewe kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani, na hiyo ni nafasi kwa vijana watatu au wanne wanaoweza kuungana na kufungua kampuni yao badala ya kungoja tangazo la kazi. Benki na huduma za pesa kwa simu zinajulikana, hatuna haja ya kuzirudia.

Sekta inayosahauliwa ni afya. Nchi yetu ina kanda za afya 519, na kila moja hutuma ripoti zake katika mfumo wa taifa unaotumia programu ya DHIS2, ambayo mizizi yake ni Afrika Kusini na chuo kikuu cha Oslo. Kenya iliianza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania ilifuata, na aliyeifanyia marekebisho hakuwa kampuni ya kigeni bali timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo baadaye ilitoa wataalamu waliokwenda kusaidia nchi nyingine. Walimu na wanafunzi walichukua fomu za zahanati, wakauliza wauguzi wanazijaza vipi, wakajenga juu ya hapo. Hakuna sababu ya maana kwa nini timu kama hiyo isizaliwe Lubumbashi au Likasi.

Kuna pia hazina za serikali za mitaa. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa maeneo ya utawala ambako mgodi upo, na asilimia 25 kwa mkoa. Ili mji ujue umelipwa inavyostahili, ni lazima mtu alinganishe tani zilizotangazwa, bei iliyotumika na pesa iliyoingia benki, mwezi kwa mwezi. Hiyo ndiyo kazi ya mtu wa mifumo ya taarifa. Ofisi isiyo naye hupokea inachopewa na kushukuru.

Sasa tuje vyuoni. Likasi ina chuo kikuu chake, kilichozaliwa kutokana na tawi la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na Lubumbashi kuna pia shule ya juu ya informatiki ya Salama, ya Wasalesiani. Hatumlengi yeyote hapa, maana ugonjwa ni wa nchi nzima. Anayepitia rafu za kazi za kumaliza masomo atakutana na kichwa kile kile kikivaa nguo tofauti: kubuni na kutengeneza programu ya kusimamia hiki au kile katika kampuni fulani. Michoro ya Merise ipo, mbinu ambayo Wafaransa waliibuni miaka ya 1970. Kurasa za shukrani zipo. Programu yenyewe inaonyeshwa siku ya utetezi, wajumbe wanauliza maswali mawili, inapigiwa makofi, na kesho yake haipo tena. Kampuni iliyotajwa kwenye jalada haikuwahi kuitumia. Kwa kweli mara nyingine haijui kama ilitajwa.

Merise si kosa. Mwanafunzi anayejua kuchora vizuri uhusiano wa vitu kabla ya kugusa kompyuta ana faida kubwa kuliko anayekurupuka kuandika programu. Kosa ni kuchora ofisi ambayo hujawahi kukaa ndani yake. Umeme nao unakatika, ingawa bwawa la Mwadingusha linazalisha umeme si mbali na hapa tangu 1930, na chumba cha mashine chenye kompyuta chache kwa darasa kubwa ni kisingizio ambacho walimu wana haki ya kukitoa. Lakini kwenda depo, hospitalini au kwenye ofisi ya mtaa na daftari la kuchunguza habari zinavyopita hakuhitaji umeme.

Tunachopendekeza ni kidogo. Kazi moja ya kumaliza masomo kati ya kila kumi iwe juu ya biashara ya madini ya Kamatanda, ifanywe na wanafunzi wanne kwa pamoja, na isipokelewe mpaka iwe imetumika kwa miezi mitatu mahali halisi. Ianze na jambo dogo kabisa: risiti. Mizani inapima, mchimbaji na mnunuzi wote wanaona namba, uzito na kiwango vinaingia kwenye simu, karatasi mbili zinatoka, na nakala ya tatu inabaki kwa ushirika. Vyama vya ushirika vya wachimbaji na idara ya serikali ya SAEMAPE, inayosimamia uchimbaji mdogo, viko pale tayari na vinaweza kuwapokea wanafunzi hao. Kampuni zinazonunua nazo ziwafungulie mlango wa staji, na si kwa watoto wa wakuu wa idara peke yao. Kanuni ya kidijitali ya Machi 2023 tayari inatambua maandishi ya kielektroniki, kwa hiyo risiti hiyo haitakuwa karatasi ya mchezo mgogoro ukifika mahakamani.

Na mzazi anayekusanya minerval ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla hajalipa: mtoto atakaa saa ngapi kwa wiki mbele ya mashine, staji anatafutiwa na chuo au anajitafutia mwenyewe, na kuna kazi ngapi za wanafunzi wa mwaka jana zinazotumika leo nje ya geti la chuo. Jibu la swali la tatu alidai kwa majina ya mahali, kisha aende akatazame.