Ukiinua pikapu, lipia na kupima magurudumu

Hapa Kobero haipiti siku hujaona pikapu iliyoinuliwa. Sisi tuliorejea kutoka Tanzania wengi tulianza maisha kwa gari la namna hiyo, Hilux ya zamani iliyonunuliwa kwa mchango wa ndugu. Mvua zikinyesha njia za vijijini hazipitiki, basi fundi anaambiwa aipandishe. Anaipandisha, analipwa, na kila mtu anakwenda zake. Hapo ndipo tunapokosea.

Yangu ni ya mtindo wa miaka ya 1998 hadi 2004, ambayo mbele haina springi za kuzunguka bali vyuma virefu vinavyojipinda. Fundi alikaza boliti za vyuma hivyo, pua ikapanda sentimita nane. Nyuma akaongeza majani mawili ya springi. Nilifurahi sana. Miezi miwili baadaye tairi mpya za mbele zilikuwa zimeliwa upande mmoja hadi nyuzi zikaonekana.

Sababu si uchawi. Mikono inayoshika gurudumu la mbele hupanda na kushuka kwa kufuata duara. Ukiinua gari, mikono inaning'inia chini, gurudumu linalala upande, na tairodi nazo zinabadili pembe, hivyo matairi hayatazami tena mbele sawasawa.

Wenzangu mnaovuka mpaka, kuna jambo lililonidanganya. Gari langu lilikuwa likivuta kushoto. Tanzania tunaendesha kushoto, na barabara yenyewe imelala kidogo kuelekea ukingo wa kushoto, kwa hiyo likivuka Kabanga lilivuta kwa nguvu. Nikirudi Burundi, ambako tunashika kulia, mlalo wa barabara ulilirudisha na usukani ukatulia. Nikawa nalaumu barabara za jirani! Mpaka siku moja, njiani kwenda Ngara, nilipoachia usukani kidogo nikohoe, nusura nimgonge kijana wa baiskeli aliyebeba ndizi. Sura yake bado naiona.

Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alianza na boljointi na bushi, maana vikiwa vimelegea kupima ni kupoteza muda. Kisha akafungua boliti za mkono wa chini, zile zenye bamba la duara lenye alama, azungushe gurudumu lisimame. Zikafika mwisho, gurudumu bado limelala. Akaniambia, "Mwanangu, hii tuishushe." Nilibisha, lakini alikuwa na haki. Kwa pikapu nyingi za aina hii, ukipita sentimita tano hivi marekebisho ya kiwandani hayatoshi tena, unahitaji mikono mingine ya juu, na viungo vya ekseli ya mbele vinakufa mapema. Tukaishusha hadi tano. Tairodi alizirekebisha mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa mwinamo wa gurudumu baadaye unaharibu kazi yote. Hakuwa na mashine. Alipima kwa kamba, mbele ya matairi na nyuma yake, akaacha mbele pungufu kwa milimita mbili. Baada ya wiki moja nikaipeleka kwenye mashine mjini, wakasogeza kidogo tu.

Alinionyesha pia valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Ukiinua nyuma bila kuirekebisha, inadhani gari ni tupu hata ukiwa na magunia ya mchele, na breki za nyuma zinashika kidogo. Fundi wa kwanza hakuitaja kabisa.

Kwa hiyo naomba tuache kumlipa fundi fedha zote gari likiwa limesimama uani. Mpe nusu. Nusu iliyobaki aipate magurudumu yakiwa yamepimwa na mmekwenda naye barabarani, kushoto na kulia kama mna safari ya kuvuka. Akisema kupima ni kazi ya mtu mwingine, muulize ni nani, na bei yake iingie kwenye mapatano kabla hajashika spana.