Umeme wa Uvira: tuanze na pampu ya maji



Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu, unateremka karibu meta 700, halafu unaingia Tanganyika hapa hapa mlangoni petu. Maji yale yanazungusha mashini za umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, kabla ya Uhuru. Lakini sisi tulio mwisho wa mto tunasagisha mihogo kwa jenereta, na watoto wetu wanasoma kwa kibatari. Ukiuliza sababu unaambiwa: ngojeni Ruzizi III.

Hatukatai Ruzizi III. Megawati 206 za kugawana Kongo, Rwanda na Burundi ni jambo jema. Lakini habari zake tumezisikia zaidi ya miaka kumi, na bwawa halijengwi kwa msimu mmoja. Mgonjwa haambiwi angoje mpaka hospitali mpya ijengwe.

Na giza hapa ni ugonjwa kweli. Regideso inasukuma maji kwa umeme. Umeme ukikatika, bomba linakauka, mama anachukua ndoo kwenda ziwani. Wataalamu walihesabu wagonjwa wa Uvira wa miaka 2009 hadi 2014, wakatoa hesabu yao mwaka 2015: katika siku 12 baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, walioletwa hospitali kwa kipindupindu walizidi kwa 155 kwa mia. Maana yake, palipokuwa na wagonjwa 100 walifika 255. Bwana mkubwa anayesema umeme ni anasa, aje ahesabu vitanda.

Basi, nini kifanyike upesi?

Kwanza, kitengenezwe kilichopo. Ruzizi I ilijengwa kutoa megawati 29.8, na Ruzizi II, iliyofunguliwa 1989, megawati 43.8. Mwanzoni mwa 2022 takataka za plastiki zilizoletwa na maji ziliziba mashini bwawani, watu wakakaa gizani. Je, hilo lilihitaji mabilioni? Lilihitaji wavu, mashua na vibarua waliolipwa. Ninyi wa machimboni mnajua: kuamsha mashini iliyolala ni upesi kuliko kuagiza mpya.

Pili, jua. Huko Goma kampuni ya Nuru ilianzisha mwaka 2020 mtambo wa jua wa megawati 1.3, pamoja na betri. Watasema jua huzama jioni. Ni kweli. Lakini pampu ya maji haina haja ya usiku: ifanye kazi mchana, ijaze matangi mlimani, na usiku maji yateremke yenyewe. Tena Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, na Desemba mwaka ule ule vita vikafika Uvira yenyewe. Mji unaotegemea umeme wa mbali peke yake unaweza kunyang'anywa maji bila risasi kupigwa ndani yake.

Tatu, jenereta kubwa za kukodi. Hizi hufika kwa miezi michache, lakini hula fedha kila saa, na mafuta yake yanatoka ng'ambo. Tutazame kwa jirani. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa ya Tanzania, Serikali ikakimbilia mkataba wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Mitambo haikufika kwa wakati. Februari 2008, baada ya taarifa ya kamati ya Bunge, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Haraka haraka haina baraka. Jenereta ziwe za hospitali, kwa muda uliotajwa, na mkataba usomwe mbele ya watu.

Lakini kuongeza umeme hakutoshi kama hatuulizi ni wa nani. Mwaka 1982 waya ulivutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, kupeleka umeme kwenye machimbo ya shaba. Ulipita juu ya vijiji vingi, vijiji vikabaki giza. Mfanyakazi anajua habari hii: shimo linawaka taa, nyumba yake haina. Kwa hiyo tunadai zamu ya haki: kwanza pampu ya maji, pili hospitali, tatu kinu cha unga, ndipo wenye majumba.

Sheria ya 2014 iliondoa umeme mikononi mwa SNEL peke yake. Hakuna tena wa kusema mikono imefungwa. Tunauliza wakubwa: mashini ngapi za Ruzizi zinafanya kazi leo? Na nani anapanga zamu ya kukatiwa?

Nanyi wananchi, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu, kila siku bomba linapokauka andikeni tarehe na mtaa. Daftari la mwaka mzima litasema mbele ya wakubwa neno ambalo kelele ya siku moja haiwezi kulisema.