MATAIRI YAMELALA, WATOTO WANACHEZA NYUMA YA LORI

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita wa pamba, lori lililokuja kupakia mzigo godauni lilirudi kinyumenyume likamgonga mtoto wa darasa la pili. Alivunjika mguu. Wote tulikimbia, tukalia, tukachanga nauli ya hospitali. Ndipo mkutano mkuu ukapitisha, mikono juu, kwamba kile kiwanja kati ya godauni na mwembe kiwe uwanja wa watoto kuchezea. Leo msimu mwingine umefika. Kiwanjani kuna nini? Mbigili tu.

Tunauliza: kwa nini?

Jibu tunalopewa ni lile lile: tungoje mfadhili alete bembea za chuma. Mfadhili gani? Kaahidi lini? Barua hakuna, jina hakuna. Jamani, huyo ni kivuli! Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo, lakini sisi bado tumekaa na bakuli mkononi. Na nyuma ya godauni hilo hilo tumehesabu matairi chakavu 23, nguzo za lile banda lililobomolewa, na kamba za kutosha. Mali yetu wenyewe.

Wapo wanaotaka matairi hayo yauzwe kwa mafundi wa katambuga. Haya, yauzwe, tupate hela ya soda za kikao kimoja. Halafu? Soda zikiisha watoto warudi nyuma ya lori?

Wapo na wazee wetu wanaosema eti uwanja utawafundisha watoto uvivu, maana wao walicheza mdako na kombolela bila uwanja wowote. Shikamooni wazee. Ni kweli mlicheza. Lakini enzi hizo malori mangapi yalipita hapa? Na pikipiki je? Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza kuwa haki ya mtoto, pamoja na chakula, mavazi na matibabu. Si hisani yetu.

Hebu watazameni watoto wenyewe. Wao hawakungoja mfadhili. Gari wanatengeneza kwa makopo, magurudumu kwa ndala zilizokatika, mpira kwa mifuko na kamba. Watoto wametutangulia. Sisi wenye misumeno na majembe ndio tumekaa.

Kazi yenyewe haihitaji mhandisi. Matairi mengine yazikwe nusu ardhini, mtoto aruke juu au apenye katikati. Mengine yaning'inizwe yawe bembea. Nguzo ichimbiwe theluthi ya urefu wake na ishindiliwe mawe. Kila tairi litobolewe chini, maana tairi lenye maji ni mazalia ya mbu, hata wale wa homa ya dengue. Tairi lililotokeza nyaya, tupa. Chini ya bembea tumwage mchanga wa mtoni, kina kisipungue shubiri. Upande wa godauni tuweke uzio wa nguzo, wala si minyaa, utomvu wake huumiza macho. Na tunasema wazi: madumu na mapipa ya dawa ya pamba yasionekane kiwanjani, hata yakioshwa mara saba. Sumu haina mzaha.

Tunadai mambo mawili. Kwanza, tairi hata moja lisiuzwe. Pili, wajumbe wa kamati watangulie kushika jembe. Asiyekuja aeleze sababu mbele ya mkutano, siyo kilabuni.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, chini ya mwembe. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye msumeno aje na msumeno, mwenye maneno matupu abaki kwake. Malori yanaanza kuja wiki ijayo, nayo hayamngoji mfadhili.

Ni sisi,
Wanachama wa zamu ya mizani.