Mbao za Shume na ofisi ya bosi

Makala niliyosoma kuhusu ofisi za mabosi katika maghorofa ya vioo inasifu vioo na taa, mbao haikuzigusa. Msomaji wa Shume lazima aulize: ukutani kwa bosi kuna mti gani? Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walivuta njia ya waya kutoka Mkumbara, chini, hadi Shume huku juu milimani, kuteremsha mierezi. Mingi iliishia kuwa penseli!

Ukarabati wa maghorofa hayo ya vioo nao si rangi tu. Lever House ya New York, ghorofa 24, ilifunguliwa 1952. Maji yalipenya kwenye fremu, chuma kikala kutu, vioo vikapasuka; vilipobadilishwa, rangi ya bluu-kijani ilibaki ileile, kwani jengo linalindwa tangu 1982.

Tukirudi kwenye mbao: leo Shume wanapasua misindano, na seremala anaijua kwa harufu.