Kunawa mikono hospitalini: Ubao wa alama unaweza kumkumbusha muuguzi?

Msikilizaji wetu mmoja alituma ujumbe kwenye simu ya studio. Alikuwa amempeleka mkewe kujifungua, akamwona muuguzi akitoka kitanda hiki kwenda kile na glavu zile zile, bila kunawa. Akatuuliza: "Nikimwambia anawe si atanichukia, na mke wangu yuko mikononi mwake?"

Swali hilo tumelibeba hadi leo, kwa sababu ni la uhai.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata maambukizi wakiwa humo humo hospitalini. Kwa wastani, mmoja kati ya 10 wanaoambukizwa hivyo hufariki.

Si jambo jipya. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, huko Vienna, aliwataka madaktari wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi. Mwezi Aprili walikuwa wanakufa akina mama kama 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa kama 2.

Basi wauguzi wanajua. Kinachowaangusha ni wingi wa kazi, sinki lililo mbali na sabuni iliyokwisha. Tena vijidudu havionekani. Mgonjwa akipata homa siku tatu baadaye, nani atakumbuka mkono uliomgusa?

Kamera na ubao wa alama

Hapo ndipo wengine wamejaribu kuifanya kazi hii iwe kama mchezo. Kuanzia mwaka 2008, hospitali ya North Shore huko Manhasset, jimbo la New York, Marekani, iliweka kamera kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, zikielekezwa kwenye masinki na vitakasa mikono. Mlangoni kulikuwa na kifaa kinachohisi mtu anapopita. Wakaguzi walitazama picha hizo wakiwa mbali, wakihesabu nani kanawa na nani kapita hivi hivi.

Kwa wiki 16 za kwanza wahudumu hawakupewa matokeo. Walionawa hawakufika 7 katika kila mara 100. Kisha zikatundikwa mbao za umeme zikionyesha alama za zamu palepale wodini. Katika wiki 16 zilizofuata alama zilipanda hadi karibu 82, na katika wiki 75 baada ya hapo zikafika karibu 88.

Tuangalie vizuri. Kamera zilikuwepo vipindi vyote viwili. Kilichoongezeka ni watu kuona matokeo yao muda huo huo. Na alama ilikuwa ya zamu nzima, si ya mtu mmoja, kwa hiyo hakuna aliyeaibishwa kwa jina. Kila mmoja alijua akizembea anawaangusha wenzake.

Lakini mchezo una mipaka

Kamera ile ilihesabu mlangoni. WHO inataka mhudumu asafishe mikono katika nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Nyingi kati ya hizo hutokea kitandani, ambako kamera ile haikuangalia. Mtu anaweza kupata alama nzuri mlangoni na bado akaharibu kitandani.

Pia alama zikigeuzwa fimbo ya kuwachapa wauguzi, watatafuta namna ya kuukwepa ubao.

Na huku kwetu?

WHO na UNICEF walisema mwaka 2022 kwamba karibu nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi wa mikono, mahali pa kutolea huduma na vyooni. Kumpa alama muuguzi asiye na maji ni kumdhihaki. Kwanza yapatikane maji, hata kwa kibuyu chirizi, na sabuni. Kitakasa mikono kinaweza kutengenezwa hapa hapa nchini na wataalamu wa dawa, kwa kufuata kanuni ya WHO.

Yakishapatikana hayo, ubao wa chaki unatosha. Zamu iandike kila siku imefikia wapi, na kamati ya zahanati iulize mambo mawili: alama ni ngapi, na sabuni ipo?

Kwa msikilizaji wetu tunasema: uliza, lakini kwa heshima. "Samahani nesi, naomba unawe kabla hujamgusa." Hilo si tusi. Na wewe unayekwenda kumwona mgonjwa, nawa pia.

Je, kituo chenu kina maji na sabuni? Tuandikieni, tutayasoma hewani.