Wasio na Kura Wanaposakwa

Tarehe 17 Mei 1994 Wamalawi walimwondoa kwa kura Kamuzu Banda, aliyetangazwa rais wa maisha mwaka 1971. Tarehe hiyohiyo mwaka 2023, polisi na wanajeshi waliingia mitaani Lilongwe kuwasaka wakimbizi. Mamia walikamatwa, watoto wakiwamo. Walishikiliwa katika gereza la Maula, kisha wakapelekwa kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa.

Tunapiga mbiu kwa sababu waliotoa amri ya msako huo hawakuwa madikteta. Februari 2020 majaji walibatilisha uchaguzi wa 2019, wananchi wakarudia kura Juni, na upinzani ukashinda. Afrika iliipongeza Malawi, na ilistahili. Ikiwa serikali iliyopatikana kwa njia safi namna ile inaweza kumweka mtoto gerezani kwa sababu tu wazazi wake wanaishi mjini, basi sanduku la kura peke yake halitoshi kumzuia binadamu asimdhulumu mwenziwe.

Binadamu akibanwa hutafuta wa kumlaumu. Machi 2023 kimbunga Freddy kiliua mamia kusini mwa nchi, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Mwezi huohuo serikali ikawaamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini. Mrundi au Mkongo mwenye duka huonekana kila siku, kwa hiyo hasira humfikia upesi kuliko inavyowafikia walioiendesha vibaya hazina ya taifa. Tena hana kura ya kumwadhibu waziri. Waliosema mnyonge hana haki walikuwa wakieleza walichokiona.

Hatusemi wakimbizi ni malaika. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa na polisi wa Malawi walifichua biashara ya kuuza watu ndani ya Dzaleka, na zaidi ya watu 90 wakaokolewa. Lakini wauza watu hustawi wapi kama si mahali ambapo mtu hatoki bila kibali, haruhusiwi kuajiriwa, na anaishi kwa posho inayopunguzwa kila wafadhili wanapochoka? Dzaleka ilikuwa gereza alimofungia Banda wapinzani wake. Mwaka 1994 ikafanywa kambi ya watu kama 10,000. Sasa wamo zaidi ya 50,000. Uovu wa pale umelelewa na sheria.

Na wema wa watu wa nchi hii tumeuona palepale. Tangu 2014 kambi hiyo ina tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo aliyekuwa mkimbizi, Menes la Plume. Wamalawi hutoka Lilongwe wakalala katika nyumba za wakimbizi, wakala chakula chao, wakasikiliza ngoma zao. Watu hao si taifa jingine. Ni majirani wa wakimbizi wenye maduka yaliyofungwa katika msako. Moyo mmoja hubeba ukarimu na husuda, na serikali ndiyo huchagua kipi ikiite.

Kwa hiyo serikali bora, kwa maoni yetu, ni ile inayoufunga mkono wa wengi usimguse asiye na mtetezi, hata wengi wakipiga makofi. Mahakama Kuu ilifanya hivyo mwaka 2021 iliposimamisha amri kama hii. Zuio lilipoondoka, msako ukafuata. Katiba ya Malawi, kifungu cha 39, inampa kila mtu uhuru wa kwenda na kukaa atakapo nchini. Lakini Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, iliweka masharti ya kujiondoa katika vifungu vya kazi na mwendo. Hapo ndipo mlango wa msako ulipoachwa wazi.

Bunge la Lilongwe liyafute masharti hayo. Kabla halijafanya hivyo, serikali iwape wenye maduka vibali vya biashara na vya kuishi mjini, kwa majina yao, na iwatangazie polisi wa kila wilaya kwamba vibali hivyo viheshimiwe.